Mpimaji wa Maduka Mahututi

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma kutoka kwenye maegesho, begi langu likiwa ndani ya buti, dada yangu aliponipigia simu na kuniamuru nishuke.

"Nishuke niende wapi? Ndiyo kwanza nimepata kiti cha dirishani."

"Shuka, kaka. Nina jambo la nyumba."

Dada yangu ni mdogo kwangu, lakini tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akiniambia lini nile, lini nioge na lini ninyamaze. Nikapiga kelele, kondakta akagonga bati, basi likasimama. Mimi nikashuka, begi halikushuka. Kondakta alisema buti haifunguliwi mpaka mwisho wa safari, na kwa vile abiria wote walikuwa wananitolea macho, nikajifanya mtu mkubwa nikasema hakuna neno. Ndiyo maana katika kisa chote hiki nimevaa shati moja la mistari.

Jambo la nyumba lilikuwa hili. Dada ana binti mmoja tu, mpwa wangu, ambaye tangu ajue kuongea tunamwita Bosi. Bosi alikuwa na duka la mtandaoni la magauni ya sherehe. Duka lisilo na mlango wala kibao: unatazama picha kwenye simu, unabonyeza, unaletewa. Sasa duka lilikuwa limekaukiwa. Fundi anayemshonea amegoma kushona mpaka alipwe, na benki imekubali kutoa mkopo ila inataka dhamana, na dhamana yenyewe ni nyumba ya dada. Ile ile aliyoijenga na marehemu shemeji tofali kwa tofali, chumba kikiisha wanangoja mwaka ndipo waanze kingine. Duka likipona, nyumba imepona. Duka likifa, dada anatoka na masufuria yake kichwani.

"Afisa wa mikopo anakuja Jumatatu," dada akaniambia tulipokutana kituoni. "Nataka uende ukalipime hilo duka. Ukisema litaishi, naweka saini. Ukisema halina maisha, siweki."

"Mimi? Kwani sina adabu ya kutosha kukataa kazi nisiyoijua?"

"Unaijua. Umeua maduka mengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Harufu utaisikia."

Hakukosea. Shule niliipata vipandevipande, darasa hili mji huu na lile mji mwingine. Kugawanya nilifundishwa, kuzidisha tukahama kabla hawajafika. Na biashara zangu zote zimekwenda kwa hesabu hiyo hiyo. Niliwahi kufungua studio ya picha mwaka ule ule simu zilipoanza kupiga picha. Nikafungua duka la mkate mbele ya mwoka mikate, kwa sababu niliona pale watu wengi wanapita. Nikakodisha baiskeli kwenye mji wa milima: watu walikodi za kushukia, wakaziacha bondeni, na mimi ndiye niliyekuwa nazipandisha kila jioni nikizisukuma mbili mbili. Kama kungekuwa na chuo cha kufilisika, mimi ningekuwa mwalimu mkuu, na chuo chenyewe kingefungwa.

Kwa hiyo dalili nazijua. Duka linalokaribia kukata roho, mwenyewe anaanza kupaka rangi ukuta ambao hauna tatizo. Anabadilisha kibao. Anasalimia watu walio ng'ambo ya barabara. Wafanyakazi wanajua vipindi vyote vya redio na saa zake. Siku mwenye duka akianza kumfahamu kila nzi kwa sura yake, hapo tafuta pa kulala pengine.

Nikaenda kupima.

Duka lilikuwa vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la dawa, ngazi zikiwa nyembamba kiasi kwamba mtu akishuka wewe unarudi chini umpishe. Nami nilirudi chini mara kadhaa, maana watu walikuwa wanashuka. Mtu mnene mwenye kofia ya pikipiki alinipita na mafurushi hadi kidevuni. Huyo ndiye msambazaji, jina la utani Breki, aliloitwa kwa sababu hana.

"Vipi, inaenda?" nikamuuliza.

"Inaenda, mzee! Mpaka mgongo unaomba likizo. Kwenda mzigo, kurudi mzigo!"

Nikaandika moyoni: inaenda.

Ndani, akina mama wawili walikuwa wanakunja magauni na kuyatia kwenye mifuko, mmoja akikata utepe wa gundi kwa meno. Redio ilikuwepo lakini imezimwa. Ukuta ulikuwa mchafu, nikafurahi sana. Simu iliyokuwa juu ya meza ya Bosi ilikuwa inalia ting, ting, kila ting ni mteja ameagiza.

"Shikamoo, mjomba. Mama kakutuma kunichunguza."

"Marahaba. Kanituma kukusalimia tu."

"Na hiyo kalamu sikioni ni ya salamu?"

Bosi ana macho ya mama yake. Nikakaa, nikakubali kuwa nachunguza, naye akanifungulia kila kitu bila kificho. Alinionyesha picha, akanionyesha oda za wiki ile, akanionyesha mstari kwenye skrini uliokuwa unapanda kama mtu anayekwenda ghorofani. Halafu akanieleza ufundi wake, ule uliomfanya awashinde wengine.

"Watu wanaogopa kununua kitu wasichokigusa, mjomba. Mimi nimewaondolea woga. Gauni linakwenda nyumbani, analijaribu siku tatu, akilipenda analipa, asipolipenda Breki analifuata. Sharti moja tu." Akashika kadi ngumu ya bei iliyoning'inia kwa uzi nyuma ya shingo ya gauni. "Hii isikatwe. Kadi ikitoka, gauni ni lako, utalipa."

"Na wanayapenda?"

"Soma mwenyewe."

Nikavaa miwani nikasoma maoni ya wateja. Nyota tano, nyota tano, nyota tano. *Nilipendeza mno. Kila mtu ukumbini aliniuliza nimelipata wapi. Asante, nitarudi tena mwezi ujao.* Mtu mwenye akili angejiuliza ukumbi ni wa nini ikiwa gauni linajaribiwa nyumbani. Mimi nikasema, "Eh, hawa wanakupenda."

"Na hela?" nikauliza, maana nilikumbuka kuwa ndiyo iliyonileta.

"Hela iko njiani. Mauzo haya hapa," akanionyesha ule mstari unaopanda. "Gauni likitoka mlangoni mfumo unalihesabu. Yale ambayo hayajalipwa yapo kwenye mzunguko. Tatizo langu ni mtaji tu, mjomba. Nikipata mtaji nitatoa magauni mara mbili ya haya."

Mzunguko. Neno hilo lilinikaa vizuri. Katika biashara zangu zote hakuna kitu kilichowahi kuzunguka isipokuwa feni. Nikakunja mikono ya shati, nikaomba nisaidie kufunga, na nikafunga kwa mikono yangu mafurushi mengi, likiwemo gauni moja la kijani lenye mabega ya kumeta ambalo lilinishinda kukunja hadi mama mmoja akaninyang'anya akisema, "Baba, hilo siyo hema." Nilirudi kwa dada nikiwa na gundi kwenye nyusi na furaha moyoni.

"Enhe?" dada akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake, mkono mmoja umeshika nguzo, kama anayetaka kuhakikisha bado ipo.

"Duka lina afya kunizidi mimi. Ukuta mchafu, redio imezimwa, hakuna hata nzi. Mpaka pa kukanyaga hakuna. Weka saini."

"Una hakika, kaka?"

"Dada, mimi nimeona maduka yakifa kwa kukosa wateja katika kila hali ya hewa. Lile halifi kwa kukosa wateja."

Hilo nililisema kwa sauti ya mtaalamu kabisa, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa kweli.

Dada akashusha pumzi, akauachia ile nguzo. "Basi Jumatatu natia saini. Na hutasafiri kabla. Kesho jirani anaoza binti yake, utanisindikiza harusini."

Nikasindikiza, na shati langu la mistari limefuliwa na kupigwa pasi, juu yake koti la marehemu shemeji ambalo mikono yake ilinifika kwenye kucha. Ukumbi ulikuwa mkubwa, meza za duara, vitambaa vyeupe, spika inayokoroma. Tuliketi meza ya majirani, dada upande mmoja, mimi nyuma kidogo ya mama mmoja aliyepambika kweli kweli. Muziki ukapigwa, yule mama akasimama kushangilia, na mbele ya pua yangu yakameta mabega ya kijani.

Nililitambua mara moja. Mtu hawezi kulisahau gauni lililomdhalilisha. Nikajaa fahari: bidhaa ya mpwa wangu, niliyoifunga mwenyewe, inacheza harusini! Halafu nikaona kadi ya bei. Ilikuwa imechomoka kwenye ukosi, inaning'inia mgongoni, inacheza kwa mdundo wake yenyewe.

Maskini mama wa watu, nikawaza, kasahau kuikata, na watu wote wanamsoma bei. Nami nililelewa vizuri. Nikanyanyuka taratibu, nikashika kadi kwa vidole viwili, nikaukata ule uzi kwa kisu cha mezani, nikamkabidhi kwa heshima kama ninavyomrudishia mtu leso.

"Samahani, mama. Ulisahau hii."

Akaitazama kadi. Akanitazama mimi. Sijawahi kumfilisi mtu haraka kiasi kile.

"Wewe mzee! Umefanya nini?"

"Nimekusaidia tu..."

"Umenisaidia au umeniua? Sasa nitalirudishaje Jumatatu?"

Alilisema kwa sauti ya juu, na bahati mbaya spika nayo ikakata wakati huo huo. Ukumbi mzima ukasikia. Ndipo nikaona kitu ambacho nitakufa nacho: meza yetu yote, na meza ya jirani, na ile ya karibu na keki, mikono ya wanawake ikapanda kwa pamoja kwenye shingo zao kuhakikisha kadi zimejificha. Wengine walinitazama wakarudisha viti nyuma, kama mtu amemfungulia mbwa.

Nikageuka kumtazama dada, nipate walau sura moja ya huruma. Mkono wake nao ulikuwa shingoni.

Tulirudi kwa miguu.

"Hata wewe?" hatimaye nikauliza.

"Mimi ni mama yake."

"Na unalirudisha?"

"Kesho kutwa. Mwenyewe kaniambia nisilimwagie mchuzi." Akaenda hatua kadhaa. "Nilijua ni mimi peke yangu, kaka. Mama mtu. Nikasema ninamtangazia."

"Kila mtu mle ndani alikuwa anamtangazia."

"Sasa jana wewe ulikwenda kupima nini?"

"Pilikapilika," nikasema. "Nilipima pilikapilika, nikaona ni nyingi."

Hakucheka. Angecheka ningelala vizuri.

Jumatatu tulifika dukani mapema, dada akiwa na hati ya nyumba ndani ya mkoba, imefungwa kwenye nailoni kama nyama. Bosi alikuwa ananisubiri na simu mkononi.

"Mjomba, umemshika mteja wangu shingoni mbele za watu?"

"Kadi nilishika. Shingo sikuigusa."

"Kaandika! Soma." Akanisukumia simu usoni. Nyota moja. *Magauni mazuri, lakini wana mzee wao anawatembelea wateja ukumbini na kisu.*

"Walau huyo atalipa," nikasema. "Bosi, mwanangu, ngoja nikuulize kitu kimoja. Wiki hii wangapi wamelipa?"

"Yapo kwenye mzunguko, nimeshakuambia."

"Yanazunguka yakienda wapi?"

Kabla hajafungua mdomo, Breki akaanza kupanda ngazi. Alipanda na mafurushi hadi kidevuni, akamwaga, akashuka, akapanda tena. Nyuma yake wakaja wengine waliojiletea wenyewe, wanaachia mfuko mlangoni, "halikunikaa vizuri", "rangi siyo kama kwenye picha", na wanakimbilia kazini. Akina mama wafungaji wakaanza kufungua. Chumba kikajaa manukato ya aina zote yaliyokwisha nguvu, na jasho, na moshi wa sigara za watu wengine. Kwenye gauni moja kulikuwa na vipande vya karatasi za kumeta walizorushiwa maharusi. Kadi zote za bei zilikuwepo, salama salimini, nyingine zimejikunja kwa joto la migongo.

Bosi akalichukua hilo la karatasi za kumeta, akalinusa kwapani. Akalichukua jingine. Nilimwona anahesabu kwa midomo, na sikutaka kuwa pale. Petroli kwenda, petroli kurudi. Dobi. Pasi. Mifuko mipya. Kila ting ya ile simu ilikuwa inamtoa hela mfukoni, na tulikuwa tunaishangilia. Katika mji mzima ule, mtu mmoja tu alikuwa na biashara, naye ni Breki, aliyekuwa analipwa kwa kwenda na kwa kurudi.

"Nilidhani wanasitasita tu," Bosi akasema polepole. "Nilidhani watazoea."

"Wamezoea," nikasema.

Hapo ndipo afisa wa mikopo akaingia. Bwana mpole, tai nyembamba, viatu vinavyong'aa. Ilibidi ajibanze ukutani kuwapisha wanawake watatu wanaoshuka, na alipoiona ile milima ya mifuko akatabasamu hadi kwenye masikio.

"Hongereni sana! Mimi nimezoea kutembelea maduka ambayo mteja ni nzi. Hapa mpaka pa kukanyaga hakuna!"

Alisema maneno yangu mwenyewe.

Akatandaza karatasi juu ya meza. Dada akatoa hati kwenye nailoni, akaiweka kando. Akachukua kalamu. Macho hayakuwa kwenye karatasi, yalikuwa kwangu. Alinishusha kwenye basi kwa ajili ya neno moja, nami nilimpa neno baya. Sasa alikuwa anangoja la pili, na mpwa wangu alikuwa ananitazama akinisihi nisiliseme. Walau siku nyingine zote nilipoua duka, lilikuwa langu.

"Bwana afisa," nikasema, "hawa uliowaona hawanunui. Hawa wanarudisha. Wanavaa harusini Jumamosi na kurudisha Jumatatu. Mimi mwenyewe nilimwambia dada yangu kuwa duka ni zima. Nilikosea. Hili duka linakufa, na linakufa kwa wateja."

"Mjomba!" Bosi akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Nilitegemea yule bwana akusanye karatasi zake na kukimbia. Hakutikisika hata tai.

"Nakushukuru kwa ukweli, mzee. Lakini hayo ni ya binti na wateja wake. Sisi hatukopeshi kwa kutazama magauni. Nyumba tumeshaiona, ni nzuri."

"Mmeiona lini?" dada akauliza.

"Wiki iliyopita nilipita, mama."

"Mbona hukubisha hodi?"

"Haikuwa lazima. Nilitazama kwa nje tu. Paa bado imara, na uwanja wa nyuma ni mkubwa, unafaa hata kuongeza vyumba."

Ile simu, kwa mara ya kwanza, haikulia. Dada alikuwa bado ameshika kalamu, kama mtu aliyesahau inatumikaje. Nadhani angesaini. Hadi leo nadhani hivyo, maana mtoto alikuwa mmoja tu na duka ndilo hilo.

Bosi aliliweka chini gauni alilokuwa nalo. Akaja mezani, akaichukua hati, akairudisha kwenye nailoni na nailoni kwenye mkoba, akafunga zipu. Kalamu akaitoa kwenye vidole vya mama yake kimoja kimoja.

"Mama, nenda nyumbani," akasema. "Hii nitaizima mwenyewe."

Aliizima mwezi ule ule. Kabla ya hapo alijaribu kugeuza magauni yawe ya kukodi, kwa bei ndogo mno; nilimwambia hilo ni wazo zuri, na hapo angepaswa kuogopa. Hakuja hata mtu mmoja. Waliposikia kuna kulipa, walirudi kuazimana kwa mashoga zao kama zamani. Magauni aliyauza kwa mkupuo kwa mwenye ukumbi wa harusi. Fundi alilipwa nusu, nusu nyingine analipwa kidogo kidogo, na bado anashona. Bosi ameajiriwa na kiwanda cha sare za shule, anapokea oda kwenye simu. Hanipigii.

Breki anasambaza mitungi ya gesi. Inakwenda imejaa na inarudi mitupu, na analipwa pande zote mbili.

Wafungaji wawili wamefungua genge la kupiga pasi. Yule mama wa gauni la kijani alilipa robo ya bei, akahama mtaa. Afisa wa mikopo amepandishwa cheo na kupelekwa tawi jingine.

Dada yuko nyumbani kwake. Chumba cha mbele amekipangisha kwa mwalimu.

Mimi niliondoka kwa basi la asubuhi, na sasa nalinda geti la ghala la mbao. Mshahara unatoka mwisho wa mwezi, mara nyingine tarehe tano.